Hifadhidata ikijibu "hakuna matokeo", jina langu la biashara liko salama?

*"Nimebuni neno langu mwenyewe kwa ajili ya mafuta ya ngozi na sabuni. Nimeliandika kwenye hifadhidata mbili za bure za alama za biashara, zote zikajibu kwamba hakuna matokeo. Kikoa cha intaneti kiko wazi na msajili wa kampuni amelikubali jina. Mchapaji wa lebo anasubiri kauli yangu. Mwenzangu anasema bado sijafanya upekuzi wowote wa maana, mimi naona anatupotezea muda na fedha. Nimefungua ukurasa wa utafutaji wa kina nikakuta nyota, mabano na vifupisho nisivyovielewa. Je, kuna haja ya kuhangaika navyo? Na zile alama zilizoandikwa kwamba zimekufa, nizipuuze?"*

Umefanya busara kutolitaja jina lenyewe. Nchi nyingi humpa haki aliyetangulia kuwasilisha ombi, hata kama aliyebuni ni mwingine, kwa hiyo jina ambalo bado halijaombewa usajili halifai kutembezwa hadharani. Hapa nitatumia neno FIKORA kama mfano wetu, nalo litatosha.

Unauliza mambo mawili makubwa: kama "hakuna matokeo" ni ruhusa ya kuchapa lebo, na kama hizo nyota na mabano zina faida kwa mtu asiye mwanasheria. La kwanza, hapana. Usimpe mchapaji kauli bado. La pili, ndiyo, tena sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe ukitulia nayo. Mwenzako yuko sahihi kuliko unavyodhani.

Tuanze na kilichotokea ulipoandika jina. Katika utafutaji wa kawaida kompyuta inalinganisha herufi tu. Ukiandika FIKORA, inatafuta F-I-K-O-R-A. Ikiwa daftari lina PHICORA ya sabuni, kompyuta inaliona kuwa neno jingine kabisa na inakujibu, bila kukudanganya, kwamba hakuna kitu. Mkaguzi wa alama hafanyi kazi hivyo. Yeye anamfikiria mnunuzi wa kawaida, ambaye hana alama zote mbili mbele yake na anaikumbuka kwa mbali ile aliyoiona siku zilizopita. Je, mtu huyo anaweza kudhani kwamba bidhaa hizi zimetoka mkono mmoja? Marekani swali hilo hupimwa kwa vigezo 13 vilivyowekwa na mahakama mwaka 1973 katika kesi ya DuPont. Umoja wa Ulaya, tangu hukumu ya Sabel dhidi ya Puma ya mwaka 1997, hutazama kwa ujumla jinsi alama zinavyoonekana, zinavyosikika na zinavyoeleweka. Maneno ya sheria hutofautiana nchi na nchi, lakini kinachopimwa ni kilekile, yaani hatari ya mkanganyiko. Wewe umepata jibu la swali la herufi, na swali utakaloulizwa ni la mkanganyiko.

Kuhusu kikoa na jina la kampuni nitasema kwa ufupi. Kikoa hupewa yeyote aliyetangulia kukilipia. Msajili wa kampuni hulinganisha jina lako na majina ya kampuni nyingine katika daftari lake, hapimi kama sabuni yako itachanganywa na sabuni ya mtu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokupa haki ya alama, wala kinachokukinga dhidi ya mwenye nayo. Inawezekana kabisa kuzuiwa kulitumia sokoni jina ambalo ofisi ya serikali ilikukubalia kwa kampuni, na watu wengi hulijua hilo wakiwa tayari wameshachapa.

Sasa upekuzi wenyewe. Kabla ya kugusa hifadhidata yoyote, chukua karatasi uandike kwanza bidhaa zako, kisha jina lako katika sura zake zote.

Bidhaa hupangwa kwa Uainishaji wa Nice, uliotokana na mkataba wa mwaka 1957. Una madaraja 45: daraja la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Mafuta ya ngozi na sabuni za kawaida ziko daraja la 3. Wengi hupekua daraja hilo moja na kufunga kazi, na hapo ndipo hatari nyingi hujificha. Sabuni ikiwa na dawa inahamia daraja la 5. Huduma ya kuuza vipodozi dukani au mtandaoni iko la 35. Saluni na huduma za urembo ziko la 44, na sponji na vifaa vya kujipodolea viko la 21. Mnunuzi hajui madaraja haya. Akiona jina linalofanana na lako kwenye mlango wa saluni, atadhani mafuta yale ni ya saluni ile. Mkataba wa Sheria ya Alama za Biashara wa mwaka 1994, katika kifungu chake cha 9, unasema wazi kwamba bidhaa hazihesabiwi kuwa zinafanana kwa sababu tu ziko daraja moja, wala kuwa hazifanani kwa sababu tu ziko madaraja tofauti. Namba ya daraja ni chombo cha kupangia faili, si mpaka wa haki ya mtu. Faida yake kubwa kwako ni kwamba haijali lugha. Orodha ya bidhaa inaweza kuwa imeandikwa kwa Kihispania au Kijapani, lakini 3 inabaki 3.

Jina linahitaji subira zaidi. Litamke kwa sauti na uandike kila namna ambayo mtu aliyelisikia tu anaweza kuliandika. F inaweza kuwa PH, na kwa baadhi ya masikio V. I inaweza kuwa Y, EE au IE. K inaweza kuwa C, CK, Q au KK. R na L hukaribiana mno kwa wasemaji wa lugha nyingi. Mwisho unaweza kuongezewa H au kupoteza irabu. Kisha lione kwa jicho: linaweza kukatwa katikati, FI KORA au FI-KORA, na hapo hifadhidata nyingi hulihesabu kuwa maneno mawili. Halafu jiulize kama lina maana. FIKORA halina, na hiyo ni nafuu. Lakini kama jina lako lina maana ya mwanga, kwa mfano, itabidi utafute mwanga katika lugha nyinginezo zinazojulikana na wanunuzi wa soko lako, kwa sababu ofisi kadhaa huhesabu tafsiri kuwa aina ya ufanano.

Karatasi hiyo ikijaa, zile nyota na mabano zinaanza kueleweka, maana kazi yake ni kuibeba karatasi nzima kwa amri chache. AND hupunguza: masharti yote yatimie. OR huongeza: lolote kati ya haya linatosha. Mabano hukusanya vya kundi moja. Nyota inashika nafasi ya herufi zozote, nyingi au hata sifuri, na alama ya kuuliza kwa kawaida inashika nafasi ya herufi moja. Kila hifadhidata ina lahaja yake kidogo, kwa hiyo soma ukurasa wa msaada kabla ya kuandika chochote.

Nichukue mfumo wa ofisi ya alama za biashara ya Marekani, USPTO, kwa sababu uko wazi kwa yeyote na una nguvu. Mfumo wa zamani, TESS, ulizimwa mwezi Novemba 2023, na maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni bado ni ya mfumo ule, kwa hiyo ukiona mtu anakufundisha kuandika [IC] kwenye mabano ya mraba nyuma ya namba, jua kwamba maelekezo hayo yamepitwa na wakati. Siku hizi kifupisho cha uga (sehemu moja ya taarifa za alama) hutangulia, kikifuatwa na nukta mbili. CM ni uga unaojumuisha maneno ya alama, tafsiri yake, na maandishi mbadala ambayo ofisi yenyewe huongeza pale alama inapoandikwa kiajabu, kama 4U kuhesabiwa pia FOR YOU. IC ni daraja. GS ni orodha ya bidhaa na huduma, na ON ni jina la mmiliki. Amri ya kwanza ya kuandika kwa FIKORA ningeiweka hivi:

CM:/.*(f|ph|v)(i|y|ee|ie)[ckq]+o[rl].*/ AND IC:(003 OR 005 OR 021 OR 035 OR 044)

Usiogope sura yake. Mishazari miwili inaiambia hifadhidata kwamba unatafuta kwa ruwaza, yaani muundo wa herufi. Nukta na nyota mwanzoni na mwishoni zinaruhusu chochote kitangulie au kifuate. Bila hizo, ruwaza itadai kulijaza neno zima, na utakosa mengi. Mstari wa wima ni "au". Mabano ya mraba yanataka herufi moja kati ya zilizomo, na alama ya kujumlisha inaruhusu irudiwe, kwa hiyo C, CK, KK na Q zote zinaingia. Mstari mmoja umeshika Ficora, Phycora, Vikola, Feekoro na ndugu zao wengi ambao usingewakumbuka mmoja mmoja.

Amri ya pili iangalie mkia wa neno, kwa sababu wapo wanaokumbuka mwisho kuliko mwanzo (hapa nukta na alama ya kuuliza mwishoni zinaruhusu herufi moja zaidi, au isiwepo kabisa):

CM:/.*i[ckq]+ora.?/ AND IC:003

Ya tatu itafute sura iliyokatwa, "fi kora" na "fik ora" ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa ruwaza hupita juu ya neno moja moja na haiwezi kuvuka nafasi iliyo kati ya maneno. Ya nne iwe ya makosa ya tahajia: ukiandika CM:fikora~2, hifadhidata inaleta maneno yaliyo mbali na lako kwa mabadiliko ya herufi yasiyozidi mawili. Hiyo ya nne ni nzuri kwa kushtukiza yale ambayo fikra zako hazikuyawazia, ila usiitegemee peke yake. PHICORA, kwa mfano, iko mbali nalo kwa mabadiliko matatu kwa hesabu ya herufi. Kwa hiyo inatupwa nje: matatu ni zaidi ya mawili. Sikio linasema ni neno lilelile, mashine inaliacha. Ndiyo maana karatasi yako ya matamshi haina mbadala.

Nina onyo kali kuhusu NOT. Inavutia, kwa sababu matokeo yakiwa mengi unatamani kuyafyeka. Lakini ukiandika NOT saluni kwa nia ya kuondoa saluni, unaifuta pia kampuni ya mafuta ya ngozi ambayo orodha yake ya bidhaa imetaja saluni mahali fulani. Hutaiona tena, na hutajua kwamba hukuiona. Matokeo yakizidi uwezo wako wa kusoma, kaza upande wa bidhaa, daraja moja baada ya jingine, na uache upande wa sauti ukiwa mpana.

Kwa sababu hiyohiyo, usianze kwa kuchuja alama zilizo hai tu. Hapo tunafika kwenye swali lako la "wafu". Alama kuandikwa kwamba imekufa kuna maana kwamba ombi au usajili ule hauna nguvu kwenye daftari leo. Mwenyewe anaweza bado kuwa anauza. Marekani, na nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, humpa mtumiaji wa muda mrefu haki fulani hata bila usajili. Ombi lililoachwa linaweza kufufuliwa katika muda maalumu, na kwa usajili uliokwisha Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda mali ya viwandani, unatoa angalau miezi 6 ya kulipa ada iliyochelewa. Tena faili la alama iliyokufa ni hazina ambayo wapekuzi wageni huipita. Lifungue. Kama ombi la mtu mwenye jina karibu na lako lilikataliwa, barua ya mkaguzi itakutajia alama iliyomzuia, na mara nyingi ni hiyohiyo itakayokuzuia wewe. Mkaguzi amekufanyia upekuzi bure.

Ukimaliza maneno, geukia picha kama lebo yako ina nembo. Uainishaji wa Vienna, uliotokana na mkataba wa mwaka 1973, huvipa vitu vya kwenye picha namba: kundi la 5 ni mimea, na 5.3 ni majani na matawi yenye majani. USPTO ina namba zake zinazokaribiana na hizo. Hifadhidata ya dunia ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu), Global Brand Database, hukuruhusu kupakia picha na kuletewa zinazofanana nayo, na kwa maneno ina utafutaji wa matamshi uliokwisha kuandaliwa, usiohitaji ruwaza yoyote. TMview nayo hukusanya madaftari ya Ulaya na ya nchi nyingine nyingi. Zote mbili ni za bure na nzuri sana. Ila angalia orodha ya ofisi zinazochangia na tarehe ambayo kila ofisi ilileta data mara ya mwisho. Nchi utakayouzia isipokuwamo, ukimya wa hifadhidata hauna habari yoyote kwako, na itabidi uende kwenye daftari la nchi hiyo au uombe upekuzi rasmi wa ofisi yake. Kagua pia usajili wa kimataifa chini ya Mfumo wa Madrid (wa kuombea alama nchi nyingi kwa ombi moja) unaoitaja nchi hiyo, maana usajili huo hauonekani daima kwenye daftari la nyumbani.

Kuna pengo jingine ambalo hakuna amri ya kuliziba. Chini ya Mkataba wa Paris, mtu aliyewasilisha ombi katika nchi moja ana miezi 6 ya kuliwasilisha kwingine huku akihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Anaweza kuingia kwenye daftari baada yako na bado akakutangulia. Kwa hiyo rudia amri zako zilezile siku ya kuwasilisha ombi, kisha tena baada ya miezi sita. Ili uweze kurudia, weka kumbukumbu: tarehe, hifadhidata, amri kama ulivyoiandika, idadi ya matokeo, na alama ulizozifungua kusoma. Andika ulichoona, usiandike hukumu. Sentensi kama "hawa tunafanana nao lakini hawatajua" inaweza siku moja kusomwa mahakamani.

Madaftari yakiisha, tafuta pia matumizi yasiyosajiliwa: injini za utafutaji, masoko ya mtandaoni, mitandao ya kijamii, vikoa, majina ya kampuni. Tumia karatasi ileile ya matamshi.

Kisha kuna kusoma ulichopata, na hapa akili ya mtu inahitajika kuliko ya mashine. Jiulize kila mara maswali mawili pamoja, ufanano wa alama na ukaribu wa bidhaa, kwa sababu kimoja hufidia kingine. Mahakama ya Ulaya ilisema hivyo katika kesi ya Canon mwaka 1998. Alama ikiwa ile ile karibu kabisa, hata bidhaa za mbali kidogo zinaweza kukuponza. Angalia pia uzito wa sehemu mnayofanana. Kama mnashirikiana neno la kawaida la vipodozi ambalo wamiliki wengi tofauti wanalo, kila mmoja wao ana uwanja mwembamba na mnaweza kupishana. Kama mnashirikiana neno la kubuni ambalo hakuna mwingine analo, mwenye nalo ana uwanja mpana. Halafu tafuta kwa jina la mmiliki, ON. Ukikuta ana FIKODERM, FIKOLINE na FIKOSUN, huyo ana ukoo mzima wa alama, na FIKORA yako itaonekana mtoto wa ukoo huo.

Ukipata kizuizi cha kweli, una njia kadhaa na hakuna iliyo ya bure. Kubadilisha jina sasa ndiyo njia ninayoipendelea mimi, kwa sababu lebo bado hazijachapwa na jina bado halijakuzalia wateja. Unaweza kupunguza orodha ya bidhaa, ingawa kwa mafuta na sabuni sioni nafasi kubwa ya kupunguza. Unaweza kumwomba mmiliki kibali cha maandishi, baadhi ya ofisi hukiheshimu na nyingine hukipima tu. Unaweza kushambulia alama isiyotumika: Marekani miaka 3 mfululizo bila matumizi huhesabiwa ushahidi wa awali kwamba imetelekezwa, na Umoja wa Ulaya hudai matumizi ya kweli ndani ya miaka 5. Hiyo ya mwisho ni vita ya muda mrefu, na mwenye alama akishtuka anaweza kukugeuzia kibao.

Mwanasheria wa alama za biashara mwone ana kwa ana ikiwa umekuta alama inayosikika kama yako katika daraja lolote kati ya yale matano, ikiwa jina linakaribia chapa mashuhuri hata ya bidhaa tofauti kabisa, ikiwa utauza nje ya nchi, au ikiwa umeshapokea barua ya onyo. Barua ya onyo usiijibu mwenyewe. Mpelekee kumbukumbu zako zote za upekuzi. Mwanasheria anayeanza na kazi iliyopangwa hutumia saa zake kwenye hukumu, na hukumu ndiyo unayomlipia. Mwambie pia akuonyeshe amri alizotumia yeye na tarehe alizopekua, na kama ripoti yake ni ya jina lilelile herufi kwa herufi tu, mrudishie. Mchapaji mwombe akusubiri mpaka maoni hayo yawe mkononi mwako kwa maandishi.